Kuchora Mgongoni mwa Karatasi

Mtaa mzima hakuna aliyemshinda Mama Penseli kwa kuchora. Hilo alilisema mwenyewe, mikono kiunoni, kwa yeyote aliyepita mlangoni mwake akiwa na nafasi ya kusikiliza, na hata kwa asiye nayo. Kisha, kabla mpita njia hajafika kona, alimwongezea kwa sauti ya chini kwamba wachoraji mtaani wako wawili tu, yeye na yule bwana anayepaka mistari ya barabarani, na kwamba siku hizi mistari ya yule bwana ndiyo iliyonyooka.

Watu walicheka wakaenda zao. Hakuna aliyejua kwamba utani ulikuwa ule wa mwanzo, na huo wa mwisho ulikuwa kweli tupu.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Aligundua siku alipokaa kuchora kikombe, kitu alichoweza kukichora amefumba macho, na kikombe kikatoka kimetafunwa ukingoni kama kimepita kwa panya. Akafikiri penseli mbovu. Akachonga nyingine. Kikombe cha pili kikawa kibaya kuliko cha kwanza. Ndipo akauinua mkono mbele ya dirisha, akautazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila hodi, na mkono nao ukawa unacheza ngoma yake peke yake, bila mpigaji. Ukibonyezwa juu ya kitu ulitulia. Ukiachwa hewani, ukaanza tena.

Hakumwambia mtu. Mumewe hakumwambia, binti yake hakumwambia, na daktari ndiyo kabisa, kwa sababu daktari ukimwambia kitu anakiandika, na kikishaandikwa kinakuwa chako. Mama Penseli hakuwa tayari kuwa na kitu cha namna hiyo. Tangu akiwa msichana alikuwa akila, akilala na akigombana na penseli nyuma ya sikio. Akiondolewa hiyo, atabaki mama gani? Atabaki Mama tu, kama wamama wengine, na penseli itabaki sikioni kama pambo.

Basi siku moja wakiwa mezani akatangaza, "Penseli nimeichoka."

Mumewe, fundi baiskeli, aliacha kutafuna. "Umechoka nini?"

"Penseli. Nataka kufanya majaribio. Ya kuchapa, na ya vitambaa."

"Umri huu?"

"Kwani wewe umri huu si bado unajaribu kuimba?"

"Haya," alisema mzee. Alikuwa amekaa na mke huyu muda wa kutosha kujua kwamba haya ndiyo njia ya mkato kwenda kwenye amani.

Majaribio yalianza na ndala za mzee mwenyewe, na mwenye miguu hakuulizwa. Mpira wa ndala ni laini lakini unashika kisu, na kisu kikishashikwa, mkono hauna pa kwenda kutetemekea. Mama Penseli akachonga ndege kwenye soli ya kushoto, akaipaka wino, akaigonga kwenye shuka kuukuu: ndege safi, mabawa wazi, hana tatizo lolote na maisha. Alifurahi mno, akasahau kuzitafutia ndala hizo warithi. Ikawa kila mzee akitoka kuoga, ndege wanamfuata sakafuni mpaka chumbani, mmoja baada ya mwingine, wote wa mguu wa kushoto. Jirani aliyekuja kuomba ngazi aliuliza kama nyumba hii wanafuga.

Kisha akaja na uji. Alipika uji mzito wa unga wa ngano usio na sukari, akaupaka kwenye kitambaa cheupe kilichobanwa ubaoni, akauacha ukauke mpaka ukawa mgumu kama gamba. Akaukwangua kwa msumari mchoro wa uso wa mumewe, akakikunja kitambaa ili uji upasuke, akamwagia rangi. Rangi iliingia kila ufa. Palipooshwa, uso wa mzee ulikuwa umejaa mistari myembamba kama mishipa ya jani, na hapo hakuna hakimu ambaye angeweza kusema mstari upi ni wa uji na upi ni wa mkono unaotetemeka. Mama Penseli akaona ametoboa. Akaandaa kitambaa cha pili, akakiacha dirishani kikauke. Asubuhi sisimizi walikuwa wameshakula paji lote la uso na sikio moja.

"Wamekuona mtamu," alimwambia mumewe.

"Afadhali kuna anayeniona," alijibu mzee, akaenda zake kwenye baiskeli.

Baada ya uji ukafuata uzi. Unaulaza uzi kwenye gundi juu ya kipande cha boksi, unaupinda utakavyo, ukikauka unapaka wino, unaweka karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Uzi hauna haraka. Ukikosea unauinua na kuulaza upya, na ukishakauka umekauka. Uzi wenyewe alikuwa akiuomba kwa binti yake, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumfika shingoni.

Binti yake alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na kituo cha mabasi. Walimwita Nukta kwa ajili ya kidoa cheusi kilichokaa pembeni mwa pua yake tangu alipozaliwa, na mama yake alipenda kusema kwamba Mungu alikuwa ameanza kumchora kwa kalamu halafu akaitwa mlangoni. Mama Penseli alishachora nyuso za watu mpaka nyingine akazisahau: wauza mkaa, manesi, abiria waliosinzia, mwenyekiti wa mtaa akiwa amefungua mdomo. Uso mmoja tu ulikuwa umemkatalia, nao ni huo wa Nukta.

Kosa lilikuwa la mama. Nukta akiwa darasani bado, aliugua matubwitubwi, mashavu yakamjaa kama ameficha maandazi. Mama akaona sura hiyo haiji mara mbili, akaichora. Nesi mmoja akaiona, akaiomba, akaibandika ukutani zahanati na maneno chini yake kuwaonya wazazi. Ikakaa ukutani hapo miaka. Nukta alivunja ungo, akamaliza shule, akaajiriwa, akachumbiwa na kuolewa, na kila akienda zahanati anajikuta ukutani na mashavu yake. Akaapa kwamba mama yake hatamchora tena. Mama akabembeleza, akanuna, akamfuata mpaka jikoni na karatasi. Patupu.

Sasa siku hiyo Nukta aliingia na kasha la nyuzi, akaliweka juu ya meza, ambayo kwa kweli ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Mama yake akammiminia chai. Siku hizo chai ya nyumba hiyo ilikuwa inafika nusu ya kikombe tu. Nukta alikitazama kikombe, akanywa.

Kisha akasema, "Mama."

"Naam."

"Nichore."

Mama Penseli alikuwa akilaza uzi kwenye gundi. Uzi ukamganda kidoleni. "Nikuchore nini?"

"Uso. Si ndio umeulilia miaka yote? Huu hapa, uchukue kabla sijaghairi."

"Leo umelala upande gani?"

"Wa ukutani. Lakini nina sharti. Unichore mwenyewe, kwa mkono wako, nikikuona. Sitaki kuchapwa na ndala. Na sitaki kuliwa na sisimizi."

Kitu alichokiomba nusu ya maisha yake kilikuwa kimekuja chenyewe, kimevuta kiti, kimekaa. Na Mama Penseli, badala ya kukirukia, akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa limemwagika mpaka chini ya meza.

"Mwanga mbaya," alisema. "Njoo kesho."

Kesho yake mwanga ulikuwa mzuri lakini karatasi zikawa zimekwisha. Nukta aliinama, akagusa rundo la karatasi lililokuwa limemfika gotini. "Na hizi?"

"Hizo za wageni."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni mtoto wangu. Nataka nikutafutie nzuri zaidi."

Nukta alisimama, akatundika mkoba begani. "Nilipokuwa sitaki, ulikuwa unanivizia nikifua. Leo nimetaka, mara mwanga, mara karatasi. Sema tu, Mama, kama uso umeshachuja."

Alilisema kwa utani, akicheka, ila mwishoni sauti ilikatika kama uzi kwenye tundu la sindano. Akaondoka. Mama Penseli alibaki ameshika kijiko, na kicheko hicho kilimuuma kuliko matusi. Angemwambia nini? Angesema mkono umeharibika, Nukta angeyalainisha macho, angeanza kumshika kiwiko akivuka mlango, na kikao cha kuchorwa kingegeuka kikao cha kuuguzwa. Angenyamaza, Nukta angefikiri mama yake hamtaki tena.

Kwa hasira akakaa, akaweka gazeti mbele yake, akajaribu pua ya Nukta kwa penseli, kwa kichwa tu, bila Nukta mwenyewe. Ikatoka kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Akalichana gazeti. Akachukua karatasi nyingine nyembamba, na kwa kuwa meza ilikuwa imejaa, akaiangusha popote, na popote palikuwa juu ya kipande cha kioo alichokuwa amekipaka wino kwa rola asubuhi hiyo. Akachora bila kutazama, kikombe kilekile kilichomwaibisha, akiikandamiza kalamu kwa uchungu. Alipoiinua karatasi kuitupa, akaona upande wa chini.

Kikombe kilikuwa pale. Kila alipokandamiza, karatasi ilikuwa imenyonya wino kutoka kwenye kioo, na mstari ulikuwa mweusi wenye manyoya pembeni, kama uzi wa sufu. Mstari wa namna hiyo hakuna anayeuuliza kama umenyooka. Mtetemeko ulikuwa umeingia ndani ya manyoya, ukapotelea humo.

Akacheka peke yake. Halafu akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye wino, na mzee aliporudi akamwona na masharubu.

"Umenipita," alisema mzee, akijishika ya kwake.

Kazi hiyo ilikuwa na mwiko mmoja tu, nao ni mkubwa: usiiguse karatasi. Karatasi iliyolala juu ya wino haijui kalamu wala haijui kiganja. Ukiiegemea inachukua ulichoegemeza. Mama Penseli akaweka tofali huku na tofali kule, akalaza ubao mwembamba juu yake kama daraja, ili mkono uegemee ubao na si karatasi. Akajifunza. Karatasi za mwanzo zilijaa madoa kama meza ya wavulana. Za baadaye zikatoka safi. Akapiga moyo konde, akamtumia Nukta ujumbe: *Njoo. Mwanga umepona.*

Nukta alikuja mchana, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akaweka mikono mapajani kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Mbona kuna kioo?"

"Nachora juu yake. Naichora karatasi mgongoni, picha inatokea tumboni."

"Ni mkono wako lakini?"

"Wa nani tena? Itatoka imegeuka, lakini. Doa lako litahamia upande wa pili."

"Basi nitajiona kama ninavyojiona kwenye kioo nikichana nywele. Ndio uso ninaoujua." Nukta akatulia. "Anza."

Mama Penseli akaanza. Alichora paji la uso, akachora nyusi, ya kushoto ikiwa juu kidogo ya mwenzake, urithi wa baba yake. Mkono ulikaa juu ya ubao, ukatii. Kwenye kamba michoro ya jana ilining'inia kwa vibanio, na nje mzee alikuwa akijaza gurudumu upepo, fyu, fyu, fyu. Mama Penseli hakuwa amemtazama mtoto wake hivi tangu akiwa na mashavu yale. Mtu humwona mtoto wake kila wiki, amekonda, amenenepa, amechelewa kula, lakini kumtazama ni kitu kingine. Aliona ngozi chini ya macho imekuwa nyembamba. Aliona unywele mweupe mmoja juu ya sikio, akajikaza asiseme. Akafika mdomoni.

Na mdomo ule alikuwa haujui. Pembe moja ilikuwa imebana kuelekea ndani, kwa upole, kwa subira, kama mdomo ulioshika kitu kidogo kisianguke. Ilimchukua muda kuelewa. Zilikuwa pini. Mwanawe alikuwa amekaa miaka na pini midomoni, akiinama kwenye pindo za nguo za watu, na mdomo ulikuwa umejifunza kukaa vile hata pini zikiwa hazipo. Yeye, aliyejisifu mtaa mzima kwa macho yake, ndio kwanza analiona hilo.

Ubao ulikuwa umemziba pale hasa mdomo unapoanzia. Akausogeza. Akainama karibu. Na mkono, kwa mazoea yake yote ya zamani, ukajilaza kwenye karatasi kama ulivyojilaza tangu enzi za usichana, ukauchora mdomo ule polepole, pembe kwa pembe.

"Tayari," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha iliyomfanya hata mzee nje aache kupampu.

Akaivua karatasi kwenye kioo, akaigeuza.

Uso ulikuwa Nukta. Hapakuwa na ubishi. Nyusi zake, doa lake upande wa pili, mdomo wake wenye subira, yote kwa mistari ile ya manyoya, kana kwamba amechorwa na mtu aliyekuwa akimpapasa gizani. Na chini ya kidevu chake palikuwa na kitu kingine. Palikuwa na alama nyeusi ya ukingo wa kiganja, lakini haikuwa moja. Ilikuwa imerudiwarudiwa, juu ya yenyewe, juu ya yenyewe, kama kuku aliyejikung'uta mavumbini.

Mama Penseli akaanza kuikunja. Nukta akaiwahi.

"Hii nini?"

"Kivuli."

"Cha nini?"

"Cha kidevu."

"Kidevu changu kina manyoya?"

"Basi ni skafu."

"Sijavaa skafu, Mama."

"Nimekuvalisha. Mchoraji ana ruhusa."

Nukta hakucheka. Aliiweka karatasi mezani, akauchukua mkono wa mama yake, ule wa kulia, akaushika hewani kwa ncha za vidole. Mkono ukafanya kazi yake. Wote wawili wakautazama.

"Ni baridi," alisema Mama Penseli.

"Jua limetuchoma mpaka kisogoni."

"Ni chai, basi. Nimekunywa nyingi."

"Unakunywa nusu kikombe." Nukta hakuuachia. "Ulitaka kuniambia lini?"

Mama Penseli alitafuta uongo mwingine akakuta ghala tupu. Akakaa kwenye ukingo wa pipa. "Sikutaka," alisema. "Nilitaka kwanza nikupate. Nikishakupata ndio ningejua la kusema. Usinitazame hivyo."

"Vipi?"

"Kama nguo iliyokatwa vibaya."

"Nguo iliyokatwa vibaya huwa naimaliza," alisema Nukta, "halafu namwambia mteja ndio fasheni."

Kicheko kilimtoka mama yake puani, bila ruhusa, na machozi yakatumia mlango huohuo. Nukta alimwacha amalize. Hakumshika kiwiko, hakumwita maskini. Alimpa kitambaa ajifute, akasema Jumatatu watakwenda wote hospitali, na kama daktari ataandika, aandike vizuri, waweze kusoma. Kisha akaurudisha ubao juu ya matofali na kukaa tena kwenye kiti chake.

"Chora nyingine."

"Hiyo si nzuri?"

"Hiyo ni yangu, naondoka nayo na skafu yake. Sasa chora ya kwako." Akainamia mkoba wake, akatoa kimto kidogo cha kitambaa cha kijani chenye mshipi, mfano wa vile vimto vya pini ambavyo mafundi hufunga mkononi, ila hiki kilikuwa kizito, kimejazwa mchanga. "Vaa. Uzito utautuliza kidogo. Tuone."

"Umekitoa wapi?"

"Ndicho changu cha pini. Kinakaa humu siku zote."

Mama Penseli akakifunga. Kifungo kikaingia kwenye tundu lake bila kubanwa wala kulegea. Akauinua mkono hewani. Haukutulia wote, lakini ulikuwa sasa ukitetemeka kwa adabu, kama mtu anayecheka kanisani. Akapaka wino upya, akalaza karatasi, akachukua kalamu. Akachora paji la uso. Alipofika kwenye nyusi akapunguza mwendo, na macho yake, badala ya kwenda kwa Nukta, yakaanza kwenda kwenye kile kimto. Yakaenda, yakarudi, yakaenda tena.

"Nukta."

"Naam, Mama."

"Hiki unafanyia kazi?"

"Kila siku."

"Pini unachomeka humuhumu?"

"Sasa nitachomeka wapi?"

"Mbona hakina hata tundu moja la pini?"

Nukta alirekebisha shingo yake, uso mbele, kama aliyekatazwa kusogea. "Kitambaa kizuri. Kinajifunga."

"Umenipima lini mkono?"

"Sijakupima. Nimekwambia ni changu. Asubuhi hii nilikuwa nimekivaa nikikata gauni la mtu."

Mama Penseli aliweka kalamu chini. Alifungua kifungo, akakinyoosha kimto juu ya meza, kati ya matofali mawili. "Hebu kivae."

Nukta alikitazama. Alikichukua, akakizungusha kwenye mkono wake, mkono mnene wa baba yake, akavuta, akavuta tena akiwa amebana pumzi, na kifungo na tundu lake vikabaki vinatazamana kwa mbali.

"Nimenenepa," alisema.

"Tangu asubuhi?" aliuliza mama yake.